Uzi wa Saba wa Gitaa la Baba

Siku tuliyoganduka msiba wa baba walikuwepo: mimi, binti wa kwanza, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, mdogo wetu wa mwisho, msichana, amevaa sketi ya shule kwa sababu ndiyo iliyokuwa nguo yake nzuri kuliko zote, baba mdogo kutoka Mabamba na mkewe, shangazi kutoka Gwarama na dumu lake la rubisi, pombe ya ndizi, mchungaji wetu, mhudumu wa kanisa, yaani yule mzee anayefagia na kutunza vyombo vya muziki, waimbaji wa kwaya waliowahi kuimba na baba, majirani zetu, na mama mmoja mjane kutoka Kasulu, muuza samaki wa migebuka, aliyekuwa bado amevaa nguo nyeusi za kumlilia mumewe.

Nawataja wote kwa sababu kwetu ndivyo inavyotakiwa. Sisi asili yetu ni Burundi, ingawa mimi na wadogo zangu tumezaliwa hapa Kibondo na hatujui kilima kingine. Kuganduka ni kumaliza msiba, mwaka au karibu mwaka baada ya kuzika. Kabla ya chakula, mkubwa wa familia anauliza kama yupo anayemdai marehemu au anayedaiwa naye, na waliokaa pale ndio mashahidi. Tangu kuzika mpaka siku hiyo muziki haupigwi nyumbani. Gitaa la baba lilikaa ukutani mwaka mzima limefungwa ndani ya shuka, na hakuna aliyeligusa.

Baba mdogo akauliza. Jirani mmoja akasema yeye ndiye anayedaiwa jembe, akalileta. Shangazi akasema hana la kusema ila marehemu alikuwa na roho nzuri na mdomo mbaya, watu wakacheka. Kisha yule mama wa Kasulu akasimama, akapiga makofi taratibu kama tunavyosalimia wakubwa.

"Mimi namdai," alisema.

"Kiasi gani, mama?" baba mdogo akauliza, na nikaona mke wake anamtazama kwa wasiwasi.

"Nani kataja kiasi? Namdai wimbo."

Watu wakaanza kucheka, halafu wakaona yeye hacheki.

Akaeleza. Mume wake na baba walivuka mto wa mpakani pamoja wakiwa vijana, wakakaa kambi moja ya wakimbizi, wakapata uraia siku moja. Baba alitunga wimbo wa beti tatu kuhusu kuvuka kule, na kwaya yetu iliuimba miaka mingi. Mume wa yule mama alitangulia kufa majuma machache kabla ya baba. Pale kaburini baba alimshika mkono akamwambia, siku ya kuganduka nitakuja na gitaa, nitampigia mwenzangu wimbo wetu wote, mwanzo mpaka mwisho.

"Naye akaondoka," mama yule alisema. "Mimi sijaganduka mpaka leo. Nilisema siivui hii nguo mpaka wimbo upigwe. Sasa imechujuka imekuwa ya kijivu, sokoni wananiuliza kama ndiyo fasheni."

Nikasimama. Sikufikiri sana. Wazazi wote wawili wakishakufa, mtoto wa kwanza anazoea kusimama.

"Deni hilo ni langu," nilisema.

"Ego," shangazi akaitikia kwa Kiha. Halafu akaniangalia vizuri. "Lakini wewe utaimba au utapiga?"

"Nitapiga."

*

Niliacha shule kidato cha pili, mama alipofariki. Kifua cha baba nacho kilikuwa kimeanza, na mtu wa kupika na kufua alikuwa ni mimi. Mchana wadogo zangu wakiwa shuleni tulibaki wawili, mimi na cherehani yangu, yeye na gitaa lake. Nikichoka kushona ananiita. Hivyo ndivyo nilivyojifunza.

Gitaa lenyewe lilikuwa la ajabu. Alipewa na kijana wa kizungu aliyekuwa fundi wa pampu za maji kambini, mkataba wake ulipokwisha. Lilikuwa jeusi, zito kama mlango, na lilikuwa na nyuzi saba badala ya sita. Alipolipeleka kanisani mara ya kwanza, mpiga ngoma alihesabu nyuzi akasema, "Mzee, hili limezaliwa na kidole cha ziada, lipeleke hospitali wakakikate." Lakini kwaya yetu haikuwahi kuwa na gitaa la besi, na ule uzi wa saba, mnene, unaonguruma chini ya mingine yote, ukawa besi yetu. Baba aliupiga kwa kidole gumba, na huku vidole vingine vinafanya yao juu. Wageni waliotusikia kutoka nje walidhani wapigaji ni wawili.

Chini ya nyuzi kulikuwa na vibao viwili vyeusi, virefu kama kipande cha sabuni. Ndizo pikapu. Ndani zina sumaku na waya mwembamba. Uzi ukitetemeka juu yake, pikapu inasikia na kupeleka habari kwenye amplifaya. Ziko pikapu zinazofanya kazi zenyewe bila kulishwa chochote. Za baba zilikuwa za aina nyingine, zinazokula betri, ile ya mraba yenye vichwa viwili. Kwenye gitaa la namna hiyo betri ikifa, gitaa limekufa. Ukipiga uzi unasikia mlio wa waya wa kuanikia nguo.

Nakumbuka alivyopima betri kanisani kabla ya mazoezi. Alikuwa akiitoa kwenye mfuko wa koti, anaigusisha ncha ya ulimi, anafumba jicho moja. "Bado ina chumvi," anasema, na anaiweka ndani ya gitaa. Siku nyingine aliniambia nionje mimi. Ilikuwa inachoma kidogo, kama ndimu. Halafu anachomeka waya, na sauti inatoka: ndogo, ya chini, yenye mkwaruzo, kama ya mtu anayekuita chumba cha pili naye hajaamka vizuri. Sijasikia gitaa lingine linalolia vile. Alipokufa, nilichokumbuka kwanza hakikuwa uso wake. Ilikuwa sauti ile.

*

Siku ile ya kuganduka, baada ya kusema deni ni langu, baba mdogo alisema, "Kama ni wimbo, si umlipe sasa hivi? Msiba umekwisha, gitaa si lile pale?" Kila mtu akaitikia. Yule mama akakaa, akaweka mikono mapajani, tayari.

Kwaya walikuwa wamekuja na amplifaya ya kanisa, na mdogo wangu wa kiume akalitoa gitaa kwenye shuka. Betri iliyokuwa ndani ilikuwa imevimba na kutoa unga wa kijani. Tukatuma mtu dukani; betri ya mraba haikuwepo. Mdogo wangu alikuwa mwaka wa kwanza chuo cha ufundi Kasulu, na mbele ya watu wote wale hakutaka kushindwa. Akavuta nyaya mbili kutoka kwenye betri ya sola inayotuwashia taa. Nyaya hizo tulikuwa tumeziunga wenyewe, zote mbili nyeupe, na kwetu kila mtu huwa anajua ipi ni chanya na ipi ni hasi kwa kukumbuka tu. Yeye alikuwa hakai nyumbani tena. Alikumbuka vibaya.

Kilisikika kitu kidogo, kama bisi moja ikipasuka kwenye kikaango. Halafu harufu ya plastiki.

"Yoo, mawe," shangazi akamwita mama yake kwa Kiha, polepole.

Mdogo wangu alibaki ameshika nyaya zile. Hakuna aliyemgombeza, na nadhani hilo lilimuuma zaidi. Yule mama akainuka, akajifunga kanga yake vizuri juu ya lile gauni la kijivu.

"Nimesubiri, naweza kusubiri tena," alisema. "Lakini usinisahau, mwanangu. Watu hawa wamesikia." Akaondoka na basi la mchana kurudi Kasulu, bado yuko msibani.

*

Fundi redio wa Kibondo aliziangalia pikapu akazigonga kwa kucha. "Hizi wamezijaza gundi ngumu ndani, hazifunguki. Zimekwenda. Tafuta nyingine."

Kutafuta nyingine kulinipeleka Kasulu, kwenye duka la vyombo vya umeme la mzee mmoja wa Kiislamu ambaye ukoo wake ulitoka pwani zamani. Baba alinunua nyuzi kwake, zile sita za kawaida, maana ule wa saba haukuwahi kukatika, na kila Idi alitutumia mkate wa sinia kwa mtu wa basi.

"Karibu, binti wa mzee. Poleni sana. Tumesikia mmeganduka." Nikamweleza shida yangu. "Gitaa la nyuzi saba?" alisema. "Mwenzio nimeuza gitaa maisha yangu yote, nyuzi ni sita. Huo wa saba wa nini, wa kufungia mbuzi?"

"Ndiyo besi yetu, baba."

"Haya. Tumuulize mjuzi." Akampigia simu mtoto wa dada yake anayeuza vyombo vya muziki Kariakoo, akaweka sauti ya nje.

"Dada, mambo," yule kijana alisema. "Sikia, pikapu za saba za betri sina hapa, ila za sita zipo kibao. Zinafanana kabisa."

"Hazifanani," nilisema. "Za sita ni fupi. Uzi wa saba utapita pembeni, pikapu haitausikia. Na wimbo wenyewe uko kwenye uzi wa saba."

"Aisee. Mjomba, huyu ni nani?"

"Fundi cherehani," mzee alisema, na alionekana amefurahi.

Ufundi cherehani ulinisaidia kweli. Nyumbani nilikuwa nimelaza karatasi ya kaki juu ya matundu ya gitaa nikachora kiolezo, kama ninavyochora kola. Nikampimia kijana kwa simu urefu na upana. Akasema hapo ndipo wengi wanapokosea: ziko pikapu za nyuzi saba za umbo la kawaida, na ziko zenye kava refu na pana kama zetu. Ukinunua zile za kwanza, zitacheza ndani ya tundu kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha babake.

Mzee wa duka alinivuta pembeni. "Mwanangu, nikushauri kama mzazi. Chukua zisizokula betri. Bei nafuu, hazikusumbui, tundu mtaziba na kipande cha mbao. Betri zenyewe Kibondo mnazipata kwa bahati."

Alikuwa sahihi. Kila kitu alichosema kilikuwa na maana kwa mtu anayetaka gitaa. Nikamwambia za kawaida huwa zinavuma zikikaa karibu na mashine ya umeme wa sola ya kanisani, na hiyo nayo ilikuwa kweli. Lakini sababu yangu haikuwa hiyo. Sikuwa natafuta pikapu nzuri. Nilikuwa natafuta zile za baba, na jina lililokuwa limeandikwa juu yake lilikwisha kufutika kwa miaka ya kiganja chake.

Kwa hiyo tulichagua kwa masikio. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa na kipande kwenye simu, baba akipiga kanisani wakati wa mazoezi, ubeti wa kwanza wa wimbo ule ule. Jogoo anawika nje, gitaa linaingia kwa uzi wa saba, na baada ya mstari wa pili baba anakohoa. Kinaishia hapo. Yule kijana wa Kariakoo akawa anatafuta pikapu kwa wenzake, akizipata anazijaribu, anatutumia sauti kwa simu. Mwisho wa juma mdogo wangu akirudi kutoka chuoni, sisi watatu tunakaa kwenye kitanda, tunasikiliza ya kwake, halafu tunasikiliza ya baba.

Za kwanza zilikuwa na sumaku ya kauri zote mbili. Kali, zinakata. Mdogo wangu wa kiume alizipenda kwa sababu uzi wa saba ulisikika wazi, kila pigo peke yake, hauvimbi. "Hizo ni za kupigana," mdogo wetu wa mwisho alisema. Kijana akatuma jozi nyingine ambayo ya karibu na shingo ina sumaku laini zaidi, ya mchanganyiko wa madini, na ya nyuma ni ya kauri ileile. Hiyo ilikuwa na joto. Na chini yake, tulipoinamisha vichwa, tulisikia mkwaruzo.

"Hiyo," tulisema wote.

"Hiyo," niliandika kwa simu.

Msimu wa kufungua shule nilishona sare mpaka vidole vikaota sugu, na tukaziagiza.

*

Zilifika na basi, zimefungwa ndani ya gazeti na nailoni. Ziliingia kwenye matundu kama zimezaliwa humo. Zilikuja na nyaya zake na vitufe vyake vya sauti, vya kuchomeka tu bila kulehemu, na kila waya una rangi yake.

"Hizi waliwafikiria watu kama wewe," mdogo wetu alimtania kaka yake.

"Cheka tu," alisema, lakini alichomeka kila kimoja huku anahema, na aliangalia rangi za nyaya kama mtu anayevuka barabara kubwa.

Tulikwenda kuzijaribia kanisani, Jumamosi mchana, kwa sababu amplifaya iko kule. Nilikuwa nimenunua betri mpya Kasulu. Nikapiga uzi wa saba.

Sauti ilitoka safi, kubwa, kama glasi. Hakukuwa na kasoro hata moja. Nilipiga mstari wa kwanza, wa pili. Nikageuza kitufe huku na huku. Nikabadilisha kutoka pikapu ya nyuma kwenda ya shingoni. Lilikuwa gitaa la mtu mwingine, mtu mwenye afya, aliyetoka mbali na hatujui.

Mdogo wetu wa mwisho akasema, "Siyo yeye," akatoka nje.

Nilimpigia simu yule kijana wa Kariakoo. Nikamuuliza kuhusu mkwaruzo. "Mkwaruzo upi? Aah... dada, aisee, nisamehe. Siku ile nilikuwa nimepitisha kwenye kiboksi changu cha kukoroga sauti. Pikapu zenyewe ni safi, hizo ni mashine." Aliongea kwa fahari. Alikuwa ametuuzia kitu kizuri.

Nilikaa kwenye benchi la mbele na gitaa mapajani. Nilijua ningeweza kwenda Kasulu hivyo hivyo, nikapiga, yule mama akavua nguo yake na deni likaisha. Lakini aliahidiwa mtu, na huyu aliyekuwa ndani ya gitaa hakuwa yule mtu. Mimi pia, niseme kweli, nilikuwa nimengoja mwaka na nusu kumsikia.

Mhudumu wa kanisa alikuwa anafuta madirisha. Akashuka kwenye ngazi yake.

"Mmeliwekea betri gani?" aliuliza.

"Mpya, mzee."

"Basi ndiyo maana." Akaingia kile chumba kidogo nyuma ya madhabahu, akarudi na kopo la maziwa ya unga. Lilikuwa linagongagonga. "Hizi ni za baba yako."

Kopo lilijaa betri za mraba. Mchungaji wetu anatumia maiki isiyo na waya, na maiki ile inataka betri yenye nguvu. Ikilegea kidogo inakatakata mahubiri. Kila Jumapili mzee yule anatoa ya zamani na kuweka mpya. Ile iliyolegea, baba aliichukua baada ya ibada, anaitia mfuko wa koti.

"Mwanzo ilikuwa ni shida," mzee alisema. "Nyie mlikuwa mnasoma, yeye hawezi kununua. Baadaye nikamwonea huruma, nikampa mpya. Akaweka, akapiga kidogo, akanirudishia. Akasema ameshazoea hii iliyochoka."

"Lakini mzee," nilisema, "baba amefariki siku nyingi. Hizi zote?"

Akaangalia kopo. "Mkono umezoea tu. Nikitoa, naweka. Nilijua hakuna wa kuja kuchukua. Nikawa naweka."

Nikachukua moja nikaigusisha ulimi. Haikuwa na kitu. Ya pili, hakuna. Mdogo wangu wa kiume akaanza naye, na mzee naye, tukawa tumekaa mbele ya madhabahu watu wazima watatu tunaramba betri. Mdogo wetu aliporudi ndani alituona akashika kichwa. "Mnakula nini?"

"Chumvi," kaka yake alisema. "Njoo."

Ni mdogo wetu wa mwisho aliyeipata. Alifumba jicho moja, kama baba, bila kujua kwamba amefanya hivyo. "Hii bado," alisema.

Nikaiweka. Nikachomeka waya. Nikapiga uzi wa saba kwa kidole gumba.

Sauti ilitoka ndogo, ya chini, yenye mkwaruzo.

Nikapiga mstari wa kwanza. Nikapiga mstari wa pili, nikaishia hapo bila kukusudia, na nikagundua kwamba sisi watoto watatu tumeinua vichwa kidogo, tunangoja akohoe.

Nje mtu alikuwa anachota maji. Ndoo iligonga ukingo wa kisima. Baada ya muda mdogo wetu wa mwisho akakaa sakafuni akaegemeza kichwa kwenye goti langu, na nikaendelea kupiga.

*

Kwenye basi la kwenda Kasulu mdogo wangu alinibembeleza njia nzima. "Dada, weka mpya. Hiyo itakufia katikati."

"Ninayo mpya mfukoni."

"Mfukoni itakusaidia nini? Weka sasa."

"Baba alimwahidi kuja yeye mwenyewe, hakumwahidi sauti ya glasi."

"Unamsikia huyu?" alimwambia mdogo wetu. "Mtu kaacha shule halafu ana maneno ya bungeni."

Nyumba ya yule mama iko kwenye mwinuko juu ya soko, uwanja umefagiwa. Walikuwepo watoto wake na majirani zake, na sehemu ya kwaya yetu iliyokuja na lori la muhogo pamoja na amplifaya. Yeye alikaa kwenye kiti mlangoni na gauni lake la kijivu. Kwenye mapaja alikuwa na gauni jipya la kitenge, limekunjwa, la kuvaa baadaye. Nililishona mimi, nilimpelekea kabla, asije akaganduka hana nguo.

Nilipoanza ubeti wa kwanza aliinua mkono akaufunika mdomo. Ubeti wa kwanza ni wa kuondoka nyumbani. Ubeti wa pili ni wa mtoni: kwaya inaimba kwa sauti ya chini, na uzi wa saba ndio maji yenyewe. Nikamwona anatikisa kichwa taratibu, na midomo yake inaongea na mtu asiyekuwepo. Nilifikiri, baba, ona.

Ubeti wa tatu unawataja waliobaki ng'ambo. Nilikuwa naelekea huko nilipohisi uzi wa saba unalegea chini ya kidole. Haukulegea uzi, ililegea sauti. Mkwaruzo ukazidi, ukawa kama mtu anayetafuta pumzi, halafu kukawa hakuna kitu. Kidole changu kikawa kinapiga waya wa kuanikia nguo.

Kwaya ikanyamaza. Mdogo wangu alikuwa ameshafika na bisibisi mkononi, mimi natafuta betri mpya mfukoni.

"Mama, nisamehe, ni dakika moja tu."

Alikuja akaweka kiganja juu ya nyuzi. Kiganja chake kilinuka mawese na samaki.

"Acha," alisema.

"Mama, umebaki ubeti mmoja. Betri hii hapa."

"Naiona. Irudishe mfukoni." Akageukia watu. "Mmesikia wote? Beti mbili nimelipwa, na aliyenilipa ni mwenyewe, nimemsikia kwa masikio yangu. Nguo hii naivua leo." Wanawake wakapiga vigelegele. Akanigeukia mimi, akashusha sauti. "Ule wa tatu ubaki kwako."

"Lakini baba aliahidi mpaka mwisho."

"Wewe huna mama, huna baba. Ukinilipa wote leo, utakuja Kasulu kununua vitambaa, utanipita sokoni, Mama shikamoo, marahaba, umekwenda zako. Nitakuwa muuza samaki." Akanishika shavu. "Mtu ninayemdai ana sababu ya kuingia kwangu."

"Na ukitangulia, mama?"

"Nitawarithisha watoto wangu. Watakudai vibaya, hawana adabu hawa." Watoto wake wakacheka, na yeye akaingia ndani kubadili nguo.

Nikachomoa waya kwenye gitaa, kama baba alivyonifundisha, maana ukiuacha umechomekwa gitaa linaendelea kula betri hata kama hulipigi. Alipotoka na kitenge chake nilimtazama mabega, nikaona nimeyakata sawasawa.

Tangu siku hiyo gitaa liko ukutani, bila shuka. Jumapili naiazimisha kwaya, na kopo la maziwa linaendelea kujaa. Ubeti wa tatu siupigi. Kwaya ikiuimba, wanaimba wenyewe.

Juzi nilikwenda Kasulu kufuata nyuzi za cherehani. Nikapita sokoni. Alikuwa anageuza migebuka juu ya gazeti, akaniona kwa mbali, akapaza sauti mpaka wateja wakageuka.

"Umekuja kunilipa?"

"Bado, mama."

"Haya. Kaa hapo, ule."